Ukurasa Usiokuwepo Useme Haupo

Ninyi vijana mnaotengeneza tovuti siku hizi hamjawahi kumwona mgeni wenu. Mnamwita mgeni kwenye programu, mnamwandikia masharti: kama hajaingia kwa jina na neno la siri, apelekwe huku, kama ameandika anwani isiyojulikana, asukumwe kule. Kisha mnafunga kompyuta mnakwenda kula. Mimi mgeni wangu nilimwona. Alikaa mbele yangu kwenye kiti cha plastiki, furushi la vitenge miguuni, akaniuliza swali ambalo mimi sikuwa na jibu lake, wala ofisi nzima haikuwa nalo. Nitafika kwake. Nikianza naye mtadhani mimi ni mzee wa kulialia, na mimi sikufika nilipofika kwa kulialia.

Mjue kwanza mnasoma maneno ya nani. Mimi sina digrii. Nina diploma, moja tu, ya kompyuta, kutoka chuo kimoja cha Nairobi, enzi ambazo kompyuta ilikaa peke yake kwenye chumba chenye zulia na sisi wanafunzi tuliingia bila viatu. Diploma hiyo imo kwenye fremu ya alumini sebuleni kwangu Makindye, na ukuta unaobeba hiyo fremu nimeujenga mwenyewe kwa kazi ya tovuti, bila mjomba serikalini wala shemeji benki. Wazazi wangu walikimbilia Kenya nikiwa mdogo. Nilirudi baada ya vita vya themanini na sita, kuta za Kampala zikiwa bado na matundu ya risasi, mimi nikiwa na sanduku, cheti, na Kiswahili cha Nairobi. Hicho Kiswahili kiliwafanya watu wanigeukie kwa hofu. Hapa wakati ule mtu aliyekusemesha Kiswahili ghafla barabarani mara nyingi alikuwa na bunduki, na neno lake la kwanza lilikuwa "ruhusa". Una ruhusa ya kupita? Ruhusa iko wapi? Likumbukeni hilo neno mnapoandika maandishi ya kwenye kurasa zenu. Mtu halisomi kwa macho tu. Analisoma na yote aliyopitia.

Wenye digrii walinicheka. Leo baadhi yao hunipigia simu niwasaidie kufungua barua pepe. Siongezi neno hapo.

Aliyenipa kazi ya tovuti alikuwa Mkenya, Wekesa, mtu mnene mwenye sauti ya soko, aliyefungua ofisi ghorofani, juu ya duka la mabomba upande wa Nsambya. Hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Diploma. "Diploma, hebu kuja uone hii." "Diploma, seva imelala tena." Wateja wakadhani ndilo jina nililobatizwa. Sikulikataa. Kuna watu wameitwa mabaya zaidi.

Wekesa ndiye aliyenifundisha biashara, mimi nikamfundisha kazi, na tuligombana karibu kila siku kuhusu jambo moja: mgeni akikosea anwani, afanyweje?

Niwape mfano mzuri kwanza, maana ipo siku tulifanya vizuri. Mwenye nyumba moja ya wageni iliyoitwa Fadhili alitutengenezesha tovuti, kisha akaenda Katwe kwa mafundi wa vyuma wamchomelee bango. Si bango la rangi. Herufi za chuma, kila moja ndefu kama mkono wa mtoto, zimechomelewa kwenye fremu ya mabomba, anwani ya tovuti nzima nzima. Bango likapandishwa juu ya geti. Wekesa akaenda kuliona, akarudi ameshika kichwa. Limeandikwa *fadhiri*.

Ninyi mliokua hapa mnajua kilichotokea. Sisi Waganda, herufi l na r kwetu ni kitu kimoja kinachobadilisha shati. Ikitanguliwa na i au e, ulimi wenyewe unakwenda kwenye r, mtu hata hajui. Fundi alisikia Fadhili, akachomelea Fadhiri, na angekula kiapo kwamba ndivyo alivyoambiwa.

Mwenye nyumba alikuja ofisini.

"Ssebo, bwana," akaniambia, "ile ni chuma. Mnataka nikate chuma kwa sababu ya herufi moja?"

"Herufi moja ndiyo inampeleka mteja wako kusikojulikana," Wekesa akasema.

"Basi nyinyi rekebisheni huko kwenu. Kwenu si ni hewa tu?"

Wekesa akanigeukia. "Nyinyi Waganda mtaniua mimi. Sasa hata intaneti ijifunze Luganda?"

"Ijifunze," nikamwambia.

Tukasajili na anwani ile ya kosa, tukaiambia seva kwamba yeyote anayefika kwa fadhiri apelekwe fadhili, ukurasa uleule alioutaka, moja kwa moja na kwa kudumu. Bango likabaki juu ya geti mpaka likashika kutu, na hakuna mgeni hata mmoja aliyejua kwamba aliwahi kukosea. Hiyo ndiyo kazi ya kumwelekeza mtu upya. Unamshika mkono mtu ambaye unajua kwa hakika anakwenda wapi. Kama hujui anakwenda wapi, mwachie mkono wake.

Wekesa hakukubali hiyo sehemu ya mwisho. Yeye aliichukia namba mia nne na nne, ile ya ukurasa usiopatikana, kama mtu anavyochukia nyoka ndani ya nyumba. Kwake ukurasa wa kosa ulikuwa aibu mbele ya mteja. Kila mgeni aliyekosea alitaka asukumwe mahali fulani, popote, ili mradi asione kosa.

Hilo liliwahi kumrudia mwenyewe. Klabu moja ya tenisi ilitaka tovuti ya wanachama tu, na Wekesa akaamua kuifunga kwa mkono wake, mimi nikiwa nimekwenda mazishini. Akaandika sharti fupi: mgeni yeyote, ukurasa wowote, apelekwe kwenye ukurasa wa Ingia. Akasahau kwamba ukurasa wa Ingia nao ni ukurasa. Mgeni akafika, akapelekwa Ingia. Ingia ikamkagua, ikaona ni mgeni, ikampeleka Ingia. Na kadhalika, mpaka kivinjari kikachoka kikakata tamaa. Katibu wa klabu alipiga simu, mimi ndiye niliyepokea.

"Bwana," akasema taratibu, kama mtu anayejaribu kutotukana, "mlango wenu unaniambia niingie ndani nikachukue ufunguo wa kuingilia."

Nikamfikishia Wekesa.

"Mwambie abonyeze tena," Wekesa akasema.

"Amebonyeza mpaka kidole kimeota sugu."

"Abadilishe kidole."

Tulicheka siku nzima, na nikafungua ukurasa wa Ingia kwa wageni, jambo ambalo mtoto wa chekechea angelifikiria. Nawaambia ili msidharau: kila unapofunga nyumba, zunguka nje kwanza ujaribu kuingia kama mtu asiye na kitu mkononi. Toka kwenye akaunti yako. Futa kumbukumbu za kivinjari. Kosea jina makusudi. Wengi wenu mnaijaribu tovuti mkiwa tayari mmeingia kama wakubwa wake, na mkubwa milango yote humfungukia.

Sasa nifike kwake.

Ulikuwa wakati wa kafe za intaneti, zile za kulipia dakika, na Wakongo walikuwa wengi mjini, wakikimbia vita vya kwao mashariki. Mngewakuta Katwe na Nsambya, akina mama wakitembeza vitenge, vijana wakifanya vibarua. Chama chao kimoja kilikuja kwa Wekesa kikiwa na ombi zuri kuliko yote tuliyowahi kupata: tovuti ya kutafutana. Kila anayetafuta au anayetafutwa awe na ukurasa wake, na anwani iishie kwa jina lake, ili mtu akifika kwenye kafe aseme jina tu, liandikwe, ukurasa ufunguke.

Niliijenga mimi. Ilikuwa nyepesi, ilifunguka hata kwenye zile laini za simu zilizokuwa zikikoroma. Ninajivunia mpaka leo. Kurasa zilikuwa za aina mbili. Za wazi, ambazo mgeni yeyote angesoma. Na za kufungwa, ambazo ni wanachama waliothibitishwa na chama tu wangeziona, kwa sababu wapo waliotaka kupatikana na ndugu bila kupatikana na kila mtu.

Likabaki swali letu lilelile. Mgeni akiandika jina ambalo halipo kabisa?

"Mwambie halipo," nikasema.

"Fikiri na kichwa, Diploma, usifikiri na hicho cheti," Wekesa akasema. "Hawa watu wamekimbia watu. Anayewatafuta si ndugu peke yake. Ukimwambia mgeni huyu hayupo, na yule ukamwambia huna ruhusa ya kumwona, si umeshamwonyesha kwamba yule yupo? Si amejua sasa aanze kuuliza mitaani?"

Hapo alikuwa na hoja, na nyinyi mtakaopewa kazi ya namna hiyo muikumbuke. Asiyekuwepo na aliyejificha lazima wajibiwe sawasawa, la sivyo umemuuza aliyejificha.

"Sawa," nikasema. "Wajibiwe sawa, lakini kwa maneno ya kweli. Ukurasa huu haupo, au haukufunguliwa kwa wageni. Kagua herufi za jina. Na tusimsogeze. Abaki palepale, aone alichoandika."

"Maneno mengi. Chama kinataka watu wajiandikishe. Mpeleke Ingia. Huna ruhusa ya kuona ukurasa huu, tafadhali ingia. Kwisha."

"Na kama hakuna ukurasa?"

"Atajiandikisha, ataingia, ataona hakuna."

"Mama wa vitenge atajiandikisha kwa barua pepe ipi?"

"Wewe ni fundi au ni wakili?"

Ofisi ilikuwa yake. Ikaenda alivyotaka.

Mjue pia kitu kingine kilichofuata, maana hiki ndicho kinachowaangusha mafundi wazuri. Ukimsukuma mgeni aliyekosea kwenda ukurasa mwingine, seva inaandika kwamba alikuja, akaelekezwa, akafika salama. Haiandiki kosa. Kila tulipokutana na wakuu wa chama, Wekesa aliwafungulia ripoti akawaambia kwa fahari: angalieni, hakuna kosa hata moja. Mimi nilimwambia kwamba hata mimi nikifumba macho Kampala haina mashimo barabarani. Alicheka, akafunga ripoti.

Yule mgeni wangu alikuja mchana, baada ya mvua, viatu mkononi. Aliweka furushi lake la vitenge chini, akakaa bila kungoja aambiwe, akaniangalia mimi kisha Wekesa, akanichagua mimi.

"Papa, ni weye mwenye kazi ya ile mashini ya Wakongo?"

Nikamwambia ndiyo, na kwamba niliijenga yote mimi.

"Bon, sawa. Mi ni Mama Kilosho. Kilosho ni mutoto wangu wa kwanza. Sikuya kuomba unifungulie. Nilikuya kuomba umufikishie neno. Umwambie mama yake alisikia. Hatamusumbua tena."

Wekesa, aliyekuwa akinywa chai dirishani, akaacha kunywa.

Nikamuuliza amesikia nini. Akanieleza polepole, bila kulia, kama mtu anayesimulia kesi iliyokwisha. Baba yake Kilosho alipokufa, yeye aliolewa na mwanamume mwingine. Kijana hakukubali. Siku aliyoondoka nyumbani alisimama kwenye ua akamwambia mama yake mbele ya majirani: usinitafute. Baadaye vita vikaingia kijijini, kila mtu akakimbia na njia yake, yule mume wa pili akafia njiani, na mama akafika Kampala peke yake. Kanisani akasikia habari za tovuti ya kutafutana. Akaenda kwenye kafe Katwe, katikati ya zile karakana, akamtajia kijana wa pale jina la mwanawe.

"Akaandika. Akasema, mama, hii kitu nakataa. Nasema weye hapana ruhusa kuona huyu mutu." Alimwiga kijana wa Katwe vizuri kabisa, na ile "nakataa" ya hapa yenye maana ya "inakataa", hata Wekesa akatabasamu kidogo. "Nikarudi siku ingine. Hapana ruhusa. Nikarudi tena. Nikasema, basi, Kilosho iko. Anajua naweza kumutafuta, alifunga mulango. Ile neno alisema kwenye ua, alikuwa anaisema na roho yote."

"Mama," nikamwambia, "hebu litaje jina."

"Kilosho."

L yake ilikuwa safi kama kengele. Niliandika kama alivyolitamka, na ukurasa ukafunguka. Ukurasa wa wazi. Haukuwa na kufuli la aina yoyote. Picha ya kijana mwembamba ndani ya shati la mtu mwingine, na chini yake maneno machache, ambayo nilimsomea kwa sauti kwa sababu yeye kusoma kulimpa shida:

*Mimi Kilosho niko Kampala, Makindye. Namutafuta mama yangu. Mama, ile neno nilisema kwenye ua ilikuwa ya hasira. Watu wa kwetu, mukimuona mumwambie.*

Akaniomba nisome tena. Nikasoma tena. Akanyoosha mkono akashika kioo cha kompyuta pale penye shavu la picha, alama ya kidole ikabaki.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sijui kama nililifanya kwa ajili yake au kwa ajili ya Wekesa aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Niliandika Kirosho, kwa r, kama kijana wa kafe alivyosikia, kama mimi mwenyewe ningesikia kama nisingelelewa Nairobi. Ukurasa ukaruka. *Huna ruhusa ya kuona ukurasa huu. Tafadhali ingia.*

"Ni hii," akasema. "Hii njo nilionaka." Yaani hii ndiyo aliyokuwa akiiona.

"Mama, kijana alikosea herufi moja."

Akaweka kidole kwenye lile jina. "Sasa huyu Kirosho ni nani?"

"Si mtu, mama. Hakuna mtu wa jina hilo."

"Hakuna mutu?"

"Hakuna."

"Basi nani alinikataza?"

Mimi ni mtu wa maneno, na Wekesa angeweza kumuuzia mtu mvuke. Ungemwelezaje? Kwamba ni sharti la mstari mmoja? Kwamba hakukatazwa na mtu yeyote, ila tuliona haya kumwambia kwamba hatukuelewa alichoandika?

Chini ya ukurasa palikuwa na namba ya simu. Wekesa ndiye aliyetoa simu yake mwenyewe akapiga, akaiweka kwenye kipaza sauti. Akapokea mwanamke, na kwa nyuma tukasikia kuku na redio.

"Natafuta kijana anaitwa Kilosho," Wekesa akasema.

"Yule Mukongo? Hapana hapa. Alikuwa napanga kwangu hapa Makindye. Alikwenda."

"Alienda wapi, mama?"

"Kwao. Alikuwa nauliza mama yake kila siku, kila mutu, mpaka mimi nachoka. Iko kompyuta aliandika huko, anangoja, hakuna mutu najibu. Akasema, kama hapa hapana, basi alibaki kule. Akaenda kutafuta."

"Lini?"

"Kitambo. Hii mvua ilikuwa haijaanza. Nyinyi ni nani? Mama amepatikana?"

Wekesa akamtazama Mama Kilosho. Yeye alitingisha kichwa, sijui akimaanisha nini.

"Amepatikana," Wekesa akasema, akakata simu.

Kutoka Katwe ukiinua macho, kilima cha Makindye unakiona chote, mabati, miti ya mapambo ya watu matajiri, nguo kwenye kamba. Mama Kilosho alitembeza vitenge chini ya kilima hicho muda wote ule. Sijui kama aliwahi kupanda. Sikuthubutu kumuuliza.

Mama alipoondoka, Wekesa alikaa kwenye kile kiti cha plastiki. Nilingoja atafute mtu wa kumlaumu, kijana wa kafe, au Luganda, au mimi. Alisema neno moja tu.

"Badilisha."

Nitawaeleza nilivyobadilisha, maana hii ndiyo sehemu ya kunakili. Mgeni akiandika jina lisilofunguka, hasogezwi. Anabaki kwenye anwani aliyoiandika, ili yeye au anayemsaidia aione na kuisahihisha. Seva inajibu kwa ukweli kwamba haikupata, na inaandika kosa hilo kwenye kumbukumbu zake. Maandishi yanasema: *Hatukupata ukurasa ulio wazi kwa jina hili. Labda haupo, labda si wa wageni, labda herufi zimekosewa. Hakuna aliyekukataza.* Sentensi ya mwisho Wekesa alisema si ya kitaalamu. Nikamwambia atafute mtaalamu mwingine aifute. Haikufutwa. Kisha programu yenyewe inajaribu kubadilisha kila l iwe r na kila r iwe l, na ikikuta kurasa za wazi zinazofanana inaziorodhesha hapo chini: je, ulimtafuta mmoja wa hawa? Za kufungwa haizigusi, haizitaji, haizikaribii. Na neno ruhusa nikalitoa tovuti nzima. Neno Ingia likabaki pembeni, dogo, kwa mwenye kulihitaji.

Wenye digrii watawaambia hayo yote yamo vitabuni. Labda yamo. Mimi niliyaandika jioni moja bila kitabu, na yalifanya kazi mara ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kumbukumbu za seva. Tovuti isiyokuwa na kosa hata moja ilikuwa imejaa makosa. Majina yaliyopindishwa, yaliyokatwa, yenye r mahali pa l, yenye h iliyoongezwa, yakiingia moja baada ya jingine kutoka kwenye kafe za mji mzima. Kila jina lilikuwa mtu amesimama nyuma ya kijana wa kafe, akingoja kusomewa. Hao angalau tuliwaona. Waliokuja kabla yao, wakaambiwa hawana ruhusa, wakaamini, hawakuacha hata alama. Seva iliandika kwamba walifika salama. Sijui ni wangapi, na hakuna namna ya kujua, na katika kazi yangu yote ya kujisifia hilo ndilo shimo ambalo sijalifukia.

Mama Kilosho alirudi baada ya siku kadhaa. Safari hii hakuwa na furushi. Vitenge alikuwa ameviuza vyote kwa mwenzake.

"Ninaenda," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Kule alienda."

Nilimwambia asiende. Nilimwambia kwa kirefu, na Wekesa akaniunga mkono, na Wekesa hakuwahi kuniunga mkono katika jambo lolote. Tulimwambia kijana akikosa kule atarudi huku, ataangalia ukurasa wake, na yeye awe hapa. Tulimwambia vita havijaisha. Alitusikiliza kwa adabu, mikono mapajani.

"Weye unasema na kichwa," akanijibu. "Mi nilimusikia mutoto wangu akisema usinitafute, nikatii. Nilitii mara ya kwanza, nikatii na mashini. Sasa sitatii mutu tena."

Alichokuja kuomba ni ukurasa wake mwenyewe. Hakuwa nao. Muda wote alikuwa anatafuta, hakuwahi kufikiria kwamba na yeye anatafutwa. Nikamtengenezea wa wazi. Jina lake la ubatizo, jina la baba yake, Mama Kilosho, Mama Kirosho, kila namna ambayo kijana yeyote wa kafe yoyote angeweza kusikia, zote nikazielekeza hapo, moja kwa moja na kwa kudumu. Picha hakutaka. Maneno aliyatunga mwenyewe, nami nikayaandika kama alivyoyasema, bila kusahihisha hata silabi:

*Kilosho, nilikuwa Katwe. Sikukukataa. Nilikuya kwako nikaambiwa uongo. Sasa nimekufuata. Ukisoma hii ukae hapo hapo ulipo, usinifuate tena, mi njo nitakuya.*

Nikamsomea. Akasema ni sawa. Akasimama, akamshika mkono Wekesa, akanishika na mimi, akatuambia "aksanti, bapapa", asanteni akina baba, akashuka ngazi.

Ukurasa wa Kilosho niliuachia maelezo juu: mama yako amepatikana, bonyeza hapa. Namba ya yule mwenye nyumba wa Makindye tuliendelea kuipiga mpaka ikaacha kuita. Hajarudi, alisema kila mara, hajarudi. Chama kile kilisambaratika, kama vyama vinavyosambaratika, viongozi wakapata safari za ng'ambo. Wekesa alirudi kwao Kenya na mguu mbaya. Tovuti ingekufa. Kurasa mbili zile sikukubali zife; nilizihamishia kwenye seva yangu ndogo hapa nyumbani, kwa anwani zilezile, na umeme ukikatika nina betri.

Nimestaafu, sina bosi, sina mteja, lakini kila asubuhi nikishakunywa chai nafungua kumbukumbu za seva ile nisome nani amekuja. Ukurasa wa mama una wageni. Wanakuja kila siku, bila kukosa. Ni zile mashine za kutafutia za intaneti, zinazokusanya kurasa za dunia nzima, hakuna mtu ndani yake. Zinafika, zinasoma maneno ya mama kwa mwanawe kuanzia mwanzo hadi mwisho, zinaondoka.